Flashi Nyekundu ya Neziha

Shedli Masmudi alitembea na funguo nyingi kiunoni, na katikati yake kulikuwa na kichuma chembamba kilichopinda nchani. Wengi wetu hatukujua ni cha nini mpaka alipotuonyesha. Kilikuwa cha kung'olea vizibo. Kila kompyuta ya kiwanda chetu, isipokuwa zile za mkononi ambazo watu huenda nazo nyumbani, ilizibwa tundu la flashi kwa kizibo cha plastiki, na kizibo hicho hakikutoka ila kwa kichuma cha Shedli.

Kiwanda kiko Sfax, njia ya Gremda. Tunakamua zeituni, tunajaza mafuta kwenye chupa, tunayapeleka Italia, Kanada na hata Japani. Mimi, Salwa, niko maabara, kazi yangu ni kuonja. Shedli alikuwa mkuu wa kompyuta na usalama wake, na mkewe Neziha alikuwa idara ya mauzo ya nje, chumba kinachopakana na changu. Kwa hiyo mengine ya haya niliyaona mwenyewe, mengine Neziha aliniambia, na yale ya ndani kabisa alinisimulia Shedli baadaye, alipokuwa hana tena la kuficha.

Marufuku ya flashi ilikuwa yake. Kabla ya hapo flashi zilizunguka kiwandani kama kiberiti, mtu anaazima bila kuuliza ilipotoka. Kisha mwaka mmoja, msimu ukiwa umepamba moto, kompyuta inayopima matangi ikazima. Fundi wa nje alikuwa amechomeka flashi yenye virusi. Bi Rafika, mwenye kiwanda, akampa Shedli mamlaka yote. Shedli akaziba matundu, akaweka kompyuta kuukuu karibu na mapokezi, isiyounganishwa na nyingine yoyote, akamkalisha hapo Munji. Flashi ya mtu yeyote, awe mgeni, mfanyakazi au mkaguzi wa serikali, ilipita kwanza kwa Munji ikakaguliwe. Yaliyomo yakiwa safi, Munji aliyahamishia kwenye flashi ya kiwanda, ambayo Shedli aliifungulia tundu, na ile ya mwenyewe ikakaa kwenye droo mpaka aondoke.

Watu walinung'unika sana. Mhasibu wetu alimwambia, "Shedli, sisi tunauza mafuta, hatutengenezi mabomu."

"Mafuta yakimwagika utayaona sakafuni," Shedli akajibu. "Haya mengine yakimwagika huyaoni."

Hata mitego alitega. Mara moja moja aliangusha flashi uwanjani, pale tunapoegesha pikipiki, akiwa ameiandika jina la kumvutia mtu. Aliyeipeleka kwa Munji alikuwa salama. Aliyekwenda kuichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi, kompyuta ya Shedli ilipata habari, na asubuhi mhusika aliitwa, akakemewa mbele za watu na jina lake likabandikwa ukutani. Mhasibu aliitwa hivyo mara mbili.

Basi vuli ile akaja Wael. Alitoka Tunis, mji mkuu, akaingizwa mauzo ya nje kwa kuwa alijua Kiitaliano vizuri na alijua kuongea na watu vizuri zaidi. Kijana wa miaka thelathini na kitu, ananukia, anamsalimia kila mtu kwa jina kuanzia mlinzi. Watu wa Tunis wana tabia ya kututania sisi wa Sfax kwamba hatujui ila kazi na kubana matumizi, naye alitutania hivyo hivyo, lakini kwa namna ambayo ulijikuta unacheka.

Wiki ya kwanza tu akaokota mtego wa Shedli. Tulikuwa uwanjani, saa ya mapumziko, tunakula mikate myembamba ya mlawi. Wael akaja akiwa ameshika flashi kwa vidole viwili kama anashika mkia wa panya.

"Ami Shedli, nimekuletea mtego wako," akasema. "Umeandika 'Mishahara ya wakubwa'. Lakini ami, mwandiko ni ule ule wa tangazo la chooni."

Uwanja mzima ukacheka. Shedli mwenyewe akajilazimisha kutabasamu, akanyoosha mkono kuichukua. Ndipo akamwona mkewe. Neziha alikuwa amejiinamia, anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio.

"Sikuchukia kutaniwa," Shedli aliniambia baadaye. "Nilichukia kwamba mimi nimekaa naye miaka yote hiyo sijui hata kama anaweza kucheka mpaka akatoa machozi."

Binti yao wa pekee alikuwa anasoma mbali, mjini Monastir, na nyumba yao ilikuwa imenyamaza. Sasa jina la Wael likaingia mezani kwao. Wael kasema hivi, Wael kamjibu Mwitaliano vile. Shedli alikuwa na kawaida ya kupika samaki siku ya Ijumaa, supu nyekundu yenye bizari nyingi, na alijivunia. Ijumaa moja Neziha akaonja, akasema bila kufikiri, "Wael anasema kwao mama yake anatia vitumba vya kapari kwenye supu kama hii."

"Basi akale kwao," Shedli akasema.

"Nani amesema anataka kula kwako?"

"Mimi nakwambia tu. Anayetaka kapari aende Tunis."

Neziha alicheka, akadhani ni mzaha. Shedli akamaliza supu yake. Toka siku ile akaanza kupita kwenye chumba cha mauzo bila shughuli, anagusa nyaya, anapapasa vizibo kama vimelegea, huku sikio lake liko kwa watu wawili waliokaa dirishani. Mimi nilimwona kupitia kioo cha maabara. Nilidhani ni bidii ya kazi.

Ikaja safari ya maonyesho ya vyakula huko Tunis. Bi Rafika aliwachukua Neziha na Wael. Shedli alimpigia mkewe simu mchana, hakupokelewa, akapiga tena jioni, akasikia kelele za watu na muziki, na Neziha akisema, "Sikusikii, mume wangu, nitakupigia hotelini." Alimpigia kweli, wakaongea vizuri, lakini Shedli hakukumbuka lolote katika maongezi yale isipokuwa muziki.

Neziha akarudi amechoka na ana furaha. Alikuwa amepata mnunuzi mpya kutoka Kanada, na Bi Rafika alimsifu mbele ya watu. Alimsimulia mumewe yote. Shedli alisikiliza, anaitikia kwa kichwa, na ndani yake anaumia. Furaha ile aliitazama kama mtu anavyotazama kitu chake kikiwa mkononi mwa mwingine.

Siku chache baadaye, kabla ya chakula cha mchana, Shedli alikuwa anatoka chumba cha seva. Mwisho wa ukumbi akawaona Wael na Neziha wamesimama. Wael akatoa kitu kidogo mfukoni, chekundu, akampa. Akasema neno. Neziha akacheka, akakifumbata kiganjani, akakitia kwenye mfuko wa koti lake. Wael akaenda zake anapiga mbinja.

Shedli alirudi nyuma, akasimama nyuma ya mlango wa seva mpaka ukumbi ukawa mtupu.

Neziha alitakiwa kwenda ukumbi wa kujaza chupa pamoja na mkaguzi, na kule huingii bila joho jeupe. Akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango wa ofisi yake, akaenda. Wenzake wa chumba kile walikuwa wamekwenda kula. Shedli akaingia, akatia mkono kwenye koti la mkewe. Ilikuwa flashi. Juu yake pamebandikwa kikaratasi, pameandikwa "Neziha", na pembeni mtu amechora ua dogo kwa kalamu.

Alijua inapotakiwa kwenda. Hatua chache tu, kwa Munji, kwenye kompyuta ile kuukuu. Lakini Munji angekuwa amekaa pale, macho yake kwenye skrini. Kilichomo, chochote kiwe, Munji angekiona pamoja naye, na Munji alikuwa na mdomo. Shedli aliwaza jambo hilo moja tu. Hakufikiria virusi hata kidogo. Akatembea na flashi kiganjani mpaka ofisini kwake, akafunga mlango kwa ufunguo, akachukua kichuma chake, akang'oa kizibo cha kompyuta yake mwenyewe.

Na kompyuta ile ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kufungua kila mlango wa kiwanda. Iliingia kwenye hesabu, kwenye matangi, kwenye mashine za lebo na kwenye karatasi za bandari. Aliiwekea ruhusa hizo yeye mwenyewe, ili aweze kutulinda.

Akachomeka. Likatokea folda moja, lina jina la mkewe. Akalibofya. Kidirisha cheusi kikafunguka na kujifunga kwa kasi ya kupepesa jicho. Sisi wote alitufundisha kukiogopa kidirisha kile, alituonyesha picha yake ukutani, akasema mkikiona chomoeni waya hapo hapo mniite. Alikiona. Aliniapia kwamba alikiona. Lakini picha ya kwanza ilikuwa imeshafunguka, na kwenye picha ile kulikuwa na Neziha.

Zilikuwa picha za maonyesho, nyingi. Chupa zetu mezani, bendera, Bi Rafika anapeana mikono na watu. Kisha Neziha anamwonyesha mzee mmoja namna ya kuchovya mkate kwenye mafuta. Kisha Neziha amevua miwani, amerudisha kichwa nyuma, anacheka, koo lake lote linaonekana. Wael amekaa kando yake, mkono umelala juu ya mgongo wa kiti cha Neziha. Haukumgusa. Shedli aliikuza picha mpaka ikawa ukungu, atazame kama umemgusa. Haukumgusa. Akatafuta nyingine. Alizipitia zote, akarudi mwanzo, akazipitia tena, akitafuta jambo la kumkasirikia mkewe, na hakulipata. Alichokipata kilimuuma zaidi. Uso ule, bila miwani, hajawahi kuletewa nyumbani.

Muda wote ule alipokuwa anatazama, kitu kilichoingia pamoja na lile folda kilikuwa kinatambaa kutoka kompyuta yake kwenda kwenye nyingine, kwa ruhusa zake, kwa jina lake.

Aliposikia sauti za watu wanarudi kutoka kula, akachomoa flashi. Akataka kuirudisha, lakini Neziha alikuwa ameshafika ofisini. Ikabaki mfukoni mwa suruali yake.

Jioni, nyumbani, Neziha akapekua koti lake.

"Shedli, hukuona kitu chekundu kidogo hapa?"

"Kitu gani?"

"Flashi. Wael aliipata kwa mpiga picha wa maonyesho. Nilikuwa niipeleke kwa Munji, mkaguzi akanishika mpaka nikasahau."

"Sijaona."

"Sasa imekwenda wapi? Isije ikaokotwa na mtu akaichomeka. Si utanitundika ukutani na wale wengine."

"Itaonekana," Shedli akasema, akaenda kuosha mikono ingawa alikuwa ameshaiosha. Kule bafuni, aliniambia, ndipo kile kidirisha cheusi kilipomrudia akilini. Alijiambia ni hofu tu. Angekimbia kiwandani wakati ule, pengine nusu ya mambo ingeokoka. Lakini angekimbia vipi bila kusema kwa nini?

Asubuhi tulikuta skrini zote zina maandishi ya Kiingereza, meupe juu ya wekundu, yanadai malipo. Mashine ya lebo imezima. Kwangu maabara matokeo ya msimu mzima hayafunguki. Huko nje malori ya zeituni yamepanga foleni mpaka barabarani, madereva wanapiga honi, na bandarini kontena zetu zinasubiri karatasi ambazo hakuna mtu anayeweza kuzitoa.

Nisimdhulumu Shedli. Alifanya kazi kama watu wanne. Alikata umeme wa seva, akachomoa nyaya kwa mikono mpaka vidole vikachubuka. Nakala za akiba alikuwa amezitunza kando, kwenye kasha la chuma lisilounganishwa na chochote, na hizo ndizo zilizotuokoa tusiwalipe wale majambazi. Lakini ilichukua siku nyingi kurudisha kila kitu, meli ikaondoka bila kontena zetu, na yule mnunuzi wa Kanada, wa Neziha, akanunua kwa Wahispania.

Mchana wa siku ile ya kwanza Bi Rafika alituita wakuu wa vitengo. Yeye huwa hapandishi sauti, na hilo ndilo linalotutisha.

"Nataka kujua imeingilia wapi," akasema.

Kabla mtu hajajibu, Wael akasimama. Hakuwa na mzaha usoni. "Bibi, mimi niliingiza flashi humu jana. Ya picha za maonyesho. Nilimpa Bi Neziha bila kuipitisha kwa Munji. Nilisema ni picha tu, tutaipitisha baadaye."

"Sheria ulisomewa?"

"Nilisomewa."

"Neziha?"

"Niliipokea," Neziha akasema. "Sikuichomeka popote. Niliiacha kwenye koti, na niliporudi haikuwepo."

Bi Rafika akamtazama Wael kwa muda. "Kwa hiyo ameichukua shetani. Shedli, wewe una kumbukumbu za kompyuta zote. Utatuambia ilichomekwa wapi?"

Shedli alisimama karibu na dirisha, macho mekundu, mikono ina mikwaruzo. "Nitatafuta," akasema. "Vimeharibika vingi."

"Tafuta. Wael, wewe nenda nyumbani mpaka tujue. Kompyuta yako ya mkononi ibaki hapa."

Nilikuwepo Wael alipotoka. Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa dukani, akampa mkono mlinzi, akawasha pikipiki, ikakataa, akaisukuma mpaka barabarani. Shedli alikuwa dirishani ghorofa ya juu, anatazama. Kuhusu saa ile, hii ndiyo kauli yake: "Ewe Salwa, kiwanda kimelala, meli inaondoka, kazi yangu ya miaka yote imebomoka, na mimi nilisikia raha. Nilimtazama akisukuma pikipiki nikasikia raha mwili mzima. Hapo ndipo nilipojiogopa."

Alijiogopa, lakini hakusema. Siku mbili alisema bado anatafuta. Angeweza kuifuta alama ya flashi ile kwenye kumbukumbu za kompyuta yake, hakuna mwingine aliyejua pa kuitazama. Alifika mpaka pale ilipoandikwa, akaweka mkono kwenye kibodi, akautoa. Hakuifuta na hakuitaja.

Kiwandani watu walianza kumnong'ona Wael. Kijana wa Tunis, wakasema, kazoea mambo ya kuchezacheza. Munji ndiye aliyesema zaidi. Neziha peke yake alimtetea, na kila alipomtetea, Shedli alizidi kufunga mdomo.

Jioni ya tatu walikuwa nyumbani wanakula. Neziha alikuwa amevimba macho kwa kusoma karatasi za bandari zilizoandikwa upya kwa mkono. Akavua miwani, akaiweka kando ya sahani, akasugua macho.

"Ndiyo, vua," Shedli akasema kwa sauti ya chini. "Au unavua kwa ajili ya watu wa maonyesho tu?"

Neziha akanyanyua uso. "Umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Umesema maonyesho. Nilivua miwani mara moja tu kule Tunis, kioo kilipopata mafuta. Nani amekwambia?"

Shedli akavunja mkate, hakuula.

"Bi Rafika hakuwepo wakati ule," Neziha akaendelea, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. "Na Wael hamzungumzi naye. Kwenye picha ndiyo imo. Wael aliniambia kuna picha nimevua miwani nacheka, ndiyo maana nilicheka nilipopewa."  Kisha akanyoosha kiganja juu ya meza. "Nirudishie flashi yangu."

 Shedli akaitoa mfukoni, alikuwa anatembea nayo siku zote zile, akaiweka kwenye kiganja chake. Ua lilikuwa limefutika nusu.

"Uliichomeka wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi, ofisini? Kompyuta yako?"

"Ndiyo."

"Wewe, Shedli? Wewe uliyemliza mhasibu mzima mbele za watu kwa ajili ya flashi?"

"Nilidhani kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Unajua."

"Sijui. Kiseme."

"Wewe na yeye."

Neziha akacheka kidogo, cheko bila furaha yoyote. "Mimi ningekuwa na jambo na mtu, ningelipokea ukumbini mbele ya kila mtu, nikalitundika nyuma ya mlango? Umenionaje, mjinga?"

"Na lile ua?"

"Muulize aliyelichora. Mimi sikulichora." Akasimama. "Umetafuta uchafu wangu ukakosa. Sasa kijana wa watu amefukuzwa kama mwizi na wewe unakula mkate. Kesho asubuhi utamwambia Bi Rafika. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na nikimwambia mimi sitarudi tena nyumba hii."

"Na nikimwambia mimi?"

"Hilo tutaliona."

Asubuhi Shedli alimsubiri Bi Rafika mlangoni mwa ofisi, kabla sisi hatujafika. Alimwambia yote, hata la miwani. Bi Rafika alimsikiliza akiwa bado ameshika mkoba.

"Nilikuajiri unizuie mimi nisifanye ujinga huu," akasema. "Nilikuwa nakuogopa kwa sababu hiyo. Unajua hilo? Mimi mwenye kiwanda nilikuwa nakuja kwa Munji na flashi yangu kama mwanafunzi."

"Najua."

"Weka funguo mezani."

Akafungua mkanda, akazivua zote, na kile kichuma. Bi Rafika hakumfukuza, kwa sababu nusu ya kompyuta zilikuwa bado hazijaamka na hakuna mwingine aliyejua kuziamsha. Alimwambia amalize kazi ile, kisha atakuwa chini ya mkuu mpya, na Wael aitwe siku hiyo hiyo, na Shedli ndiye atakayemwita.

Alimpigia simu. Wael akaja adhuhuri, wakasimama wawili uwanjani. Sisi tulijifanya tunakula.

"Ni mimi niliyeichomeka," Shedli akasema. "Nikakuacha ubebe."

Wael alitazama chini, anachezea funguo za pikipiki. "Ungeniuliza tu, ami."

"Ningekuuliza nini?"

 Wael masikio yakamwiva mekundu, na Shedli akaona, na mimi kwa pale nilipokaa niliona pia. Basi. Wael akaingia ndani kufanya kazi. Hakusema lolote wakati ule, hakusema lolote baadaye, na majira ya machipuko akapata kazi Tunis akatuaga wote kwa keki za kaaki alizotuletea. Neziha alimpa mkono kama alivyompa kila mtu.

Neziha mwenyewe alikuwa amehamia kwa dada yake, huko mtaa wa Sakiet Ezzit, tangu jioni ile aliyoidai flashi yake. Alikuwa anakuja kazini kutoka kule, anapita mbele ya mumewe, anamsalimia, "Asubuhi njema, bwana," kama anasalimia mtu wa bima. Shedli alipungua mpaka mashati yakamvaa. Alikuwa anakuja maabara anakaa kwenye kiti cha wageni bila sababu.

"Anakula vizuri kule?" ananiuliza.

"Muulize mwenyewe."

"Hanijibu ila salamu."

"Basi anza na salamu, usogee polepole."

Mkuu mpya alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Gabes, mkali na mwenye haki. Jambo la kwanza aliloliuliza ni vipi mtu mmoja aliweza kung'oa kizibo chake mwenyewe bila mwingine kujua. Shedli ndiye aliyeandika taratibu mpya, na aliziandika bila kujionea huruma. Kichuma sasa kimefungiwa, na hakitoki mpaka watu wawili watie saini. Kompyuta ya mkuu haina ruhusa ya kufungua kila mlango, na matundu yake nayo yameuawa kabisa, hayafanyi kazi hata kizibo kikitoka. Na kona ya Munji imewekewa pazia, ili mwenye jambo la aibu aweze kulikagua bila kutazamwa. Hilo la pazia mkuu alilishangaa. Shedli akamwambia, "Liache. Najua ninachokisema."

Baada ya Idi ndogo Neziha akarudi nyumbani. Hakuniambia walielewana vipi, nami sikumchimba. Aliniambia tu kwamba Shedli alikuja kwa dada yake na chungu cha samaki, akasimama mlangoni, akasema hajui kuongea kama watu wengine, lakini angependa kujifunza ni vitu gani vinamchekesha. "Nikamwambia kwanza aingie, supu inapoa," Neziha akasema.

Wivu haukumtoka, mtu asikudanganye. Mwaka uliofuata Neziha alitakiwa kwenda maonyesho ya Milano, pamoja na Bi Rafika na mfanyakazi mpya wa mauzo, mwanamume tena, tena mzuri wa sura. Shedli alimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Njiani aliuliza yule mwanamume analala hoteli gani, Neziha akamwambia hoteli ile ile, ghorofa nyingine. Akauliza ameoa. Neziha akasema ameoa, ana mapacha, na kama ana swali jingine aulize sasa kabla abiria hawajaitwa. Shedli akawaza, akasema analo moja, lakini litamfanya achelewe.

"Liulize hivyo hivyo," Neziha akamwambia.

Akauliza kama anaweza kumpigia simu akiwa kwenye kelele, hata kama hawatasikizana.

"Piga," Neziha akasema, akamrekebisha kola ya shati, akaingia ndani na sanduku lake.

Shedli alirudi kiwandani anaungua moyo, alikiri mwenyewe, njia nzima. Munji alikuwa likizo siku hiyo, kwa hiyo akakaa yeye kwenye ile kompyuta kuukuu. Dereva wa lori alikuwa anamsubiri na flashi yenye hati za mizigo. Shedli akaipokea, akavuta pazia, akaanza kuikagua.